Mikro ya sauti na gitare kwa nyumba ya mabati



Mikro ya kwanza tuliyonunua kwa pesa za kasha letu ilikuwa nzuri kwa macho. Nyeusi, kichwa chake cha rangi ya dhahabu, ndani ya sanduku lenye picha ya mwimbaji aliyefumba macho. Tuliilipa dola 35 kule Butembo, na muuzaji akamwambia mjumbe wetu: "Mama, hii ndiyo ya studio." Ilipofika Mutwanga tuliiunga kwenye telefone, koko mmoja wa chama akaimba mbele yake. Tuliposikiliza, tukasikia sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi, mbali, na juu yake kelele ya shhh isiyoisha. Koko akasema, "Huyu si mimi."

Tulicheka naye, lakini jambo lilituuma. Koko huyu anajua nyimbo za kusaga ulezi na za kubembeleza watoto, za Kinande, ambazo mabinti zake wenyewe hawazijui hadi mwisho. Mjukuu wake anapiga gitare na amejifunza kumfuata. Wengi wetu tulifika hapa tukikimbia vijiji vyetu, na wazee wenye nyimbo hizo wanapungua. Tena sauti yake imeanza kukatika pale anapopanda juu. Na dola 35 ni kilo ngapi za kakao, kila mmoja ahesabu mwenyewe.

Muuzaji alikosa, nasi tulikosa, maana hatukujua cha kuuliza. Tangu siku ile mabinti wanne wa korali wamekuja kuniuliza wanunue mikro gani, kwa hiyo naandika hapa yote tuliyojifunza.

Mikro ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza huitwa dinamiki. Ndani yake mna ngozi nyembamba iliyoshikamana na waya uliozungushwa karibu na sumaku. Ukiimba, ngozi inatikisika, waya unatikisika nao, na umeme mdogo unazaliwa hapo hapo. Haihitaji umeme wa kutoka nje. Inasikia vizuri kilicho karibu nayo, na kilicho mbali inakiacha. Ya pili huitwa kondensa. Hiyo inasikia zaidi, hata pumzi na kucha zikigusa nyuzi za gitare, lakini lazima ilishwe umeme, na zile kubwa za studio zinataka volti 48 zinazopita ndani ya waya wake kutoka kwenye mashine inayoungwa nayo. Telefone haitoi volti 48. Mikro yetu ya dhahabu ilikuwa kondensa yenye njaa, na ndiyo sababu koko alisikika kama yuko mtunguni.

Hata ingelishwa vizuri, sijui kama ingetufaa. Nyumba zetu zina mabati juu na sementi au udongo chini, kuta ni tupu, na jirani yuko mita mbili. Kondensa inachukua jogoo, pikipiki inayopanda, redio ya jirani na mtoto anayelia nyumba ya tatu. Wenye studio wanafunika kuta zao kwa sababu hiyo. Kwa mtu anayerekodi chumbani Mutwanga, mimi ninasema dinamiki, na sitabadilisha neno mpaka mtu anionyeshe chumba kilicho kimya.

Kuna kijana ananiambia kila mara kwamba bila vitu vya bei kubwa hakuna muziki. Ninamkumbusha habari ya Jean-Bosco Mwenda. Mwaka 1952 alikuwa kijana wa Katanga anayepiga gitare kwa vidole viwili, na Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alikutana naye Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Tracey alizoea kushika mikro mkononi na kuisogeza yeye mwenyewe kati ya mdomo na chombo, kufuata kinachohitaji kusikika. Wimbo uitwao Masanga ulirekodiwa wakati huo, na hadi leo wapiga gitare wa nchi nyingi wanajaribu kuuiga. Kijana hunijibu kwamba yule alikuwa Mwenda. Ni kweli, lakini mikono ya Tracey nayo ilifanya kazi.

Sasa habari ya pesa. Kama una dola 15 au 20 tu, kuna zile mikro ndogo za kubana kwenye nguo, zenye waya mrefu na tundu la telefone. Boya BY-M1 ndiyo inayojulikana sana. Waya wake ni wa mita 6 na ndani ina betri ndogo kama ya saa. Hii ni kondensa ndogo, lakini telefone inaweza kuitumia. Ubaya wake ni kwamba inasikia pande zote. Kwa hadithi za wazee inafaa kabisa. Kwa sauti na gitare pamoja inafaa kama chumba kimetulia.

Karibu na dola 25 kwa bei ya nje kuna dinamiki za mkononi kama Behringer XM8500, na ukifika karibu dola 100 unapata Shure SM58, ile iliyotoka mwaka 1966 ambayo mmeiona kwenye makanisa na mikutano. Ni nzuri, inaanguka na kuinuka. Lakini hizi zote zina mdomo wa pini tatu, haziingii kwenye telefone moja kwa moja. Utahitaji kisanduku cha kuziunga na kompyuta, na hicho nacho ni dola 40 au 50 nyingine kwa kile cha bei ndogo. Wengi wanasahau hesabu hiyo. Wananunua mikro, wanafika nyumbani, hawana pa kuiunga.

SM58 za bandia ni nyingi sana sokoni. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300, ukiishika mkono unajua. Na ile ya kawaida haina kitufe cha kuwasha na kuzima. Iko moja ya kweli yenye kitufe, lakini jina lake linaishia na herufi S, kwa hiyo ukiona kitufe na jina la SM58 tupu, rudisha mezani. Ukiambiwa bei ni dola 20, usibishane, aga tu vizuri uende.

Sisi mwishowe tulichanga tena, safari hii kwa likelemba ya miezi mitatu, tukamtuma mtu aliyekuwa akienda Kampala. Tulichukua Samson Q2U. Ni dinamiki, ina mdomo wa pini tatu na pia mdomo wa USB, kwa hiyo inaingia kwenye kompyuta bila kisanduku, na kwenye telefone nyingi za Android kwa kiunganishi kidogo cha USB kinachouzwa franka chache. Ina tundu la kusikilizia, unajisikia papo hapo. Kule nje bei yake ni kati ya dola 70 na 100. Kwa mtu mmoja ni pesa nyingi, kwa wamama 18 ilikuwa kidogo kidogo.

Popote utakaponunua, usilipe kabla ya kujaribu. Beba telefone yako mwenyewe dukani, na kiunganishi. Rekodi maneno kumi, nyamaza sekunde kumi, halafu sikiliza kwa visikilizio na si kwa spika ya telefone. Ile kimya ndiyo itakayokuambia ukweli: kama mna shhh kubwa au ngurumo, acha. Kisha tikisa waya pale unapoingia kwenye mikro. Ikikatakata leo, kesho itakufa.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni chumba. Sisi tulichagua chumba cha kulala cha mama mmoja kwa sababu kina godoro mbili na nguo nyingi. Tulisimamisha godoro moja nyuma ya mwimbaji, tukatandaza blanketi chini, tukatundika vitenge ukutani. Ilionekana kama siku ya kuhama, lakini mwangwi wa mabati ulipungua mara moja. Mvua ikianza, funga kazi. Hakuna mikro ya bei yoyote inayoshinda mvua ya Ruwenzori juu ya mabati. Usiku kwetu kuna kimya, lakini kila mtu anajua kwa nini hatuwezi kukusanyika usiku, basi tafuta saa nane ya mchana, wengi wakiwa shambani.

Umeme wa mto Butahu tunaushukuru, lakini wakati wa kurekodi chomoa chaja, tumia betri. Mara nyingi chaja ndiyo inayoleta mlio wa nzi ndani ya sauti. Ondoa telefone kwenye mtandao pia, la sivyo mtu atakupigia katikati ya beti la mwisho.

Kwa sauti, kaa upana wa kiganja kutoka mikro, na uigeuze kidogo pembeni ya mdomo ili herufi P na B zisiipige. Soksi nyembamba ya mwanamke iliyovutwa juu ya duara la waya inazuia pumzi vizuri. Kwa gitare, usielekeze mikro kwenye tundu, utapata ngoma tupu. Ielekeze pale shingo inapokutana na tumbo la gitare, kiasi cha shubiri moja. Kama una mikro moja na watu wawili, rekodi gitare kwanza, halafu mwimbaji aimbe akilisikiliza masikioni. BandLab kwenye telefone au Audacity kwenye kompyuta zinafanya hivyo bila kulipa. Kipimo kikifika kwenye nyekundu, punguza. Sauti iliyopasuka haishoneki.

Koko alikataa kuimba na visikilizio, alisema vinamziba. Basi tulifanya kama Tracey: mjukuu alikaa karibu naye, binti mmoja akashika mikro kati yao, karibu na kifua cha koko, akiisogeza taratibu. Siku ya Posho iliyopita tulipata nyimbo nne. Tulipomsikilizisha alinyamaza muda, kisha akamwambia mjukuu kwamba amekosea gitare kwenye wimbo wa pili, warudie.

Nyimbo ziko kwenye kadi mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa mtoto wa koko huko Beni. Tulimtumia kwa WhatsApp kama hati, maana zikitumwa kama ujumbe wa sauti zinapunguzwa uzuri. Mikro inakaa kwa mweka kasha. Mwanachama anaweza kuiazima siku mbili bila kulipa, korali zinatoa franka kidogo za waya. Juma hili iko kwa koko, wanarudia wimbo wa pili.