Unataka Kuvisha Range Rimu za 24? Soma Hii Kabla Uachilie Doo

Manze, tuwe wakweli. Range Rover Sport ikipita na rimu kubwa, kila msee anageuza shingo. Hata wewe mwenye umefinyana kwa matatu ya Rongai unachungulia dirishani.

Mi nimewahi kuuza hizo rimu. Nilipoachana na koleji nilikuwa broka upande wa Kirinyaga Road. Sina duka, sina mali, niko tu na simu na mdomo. Naleta mteja, mwenye duka ananitoa kakitu, siku inaisha.

Mteja wangu mkubwa kabisa alikuwa anko wangu wa Kitengela. Alikuwa amenunua Sport ya 2016 kutoka Uingereza, imekuja na rimu za inchi 20. Nikamwambia, "Anko, ndai kali hivi na umeivisha viatu vya shule?" Akacheka, akaingia boksi. Duka likachukua zile 20 zake kama sehemu ya malipo, akaongeza laki mbili na nusu, akatoka na 24 nyeusi zenye tairi nyembamba. Mi nikapata elfu kumi na tano yangu.

Wiki tatu baadaye, usiku wa mvua, barabara ya Namanga. Shimo limejaa maji, huwezi jua ni shimo. Tairi mbili za upande wa kushoto ziliisha hewa mara moja na rimu ya mbele ikapasuka. Ndani kulikuwa na anti na watoto watatu. Hakuna aliyeumia, shukuru Mungu. Lakini walikaa kando ya barabara kwa giza, malori yakipita karibu nao, hadi saa tano usiku.

Kesho yake anko akanipigia. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Kijana, ulinionyesha vile zitakaa kwa gari. Hukuniambia vile zitakaa kwa shimo."

Hiyo maneno haijawahi kunitoka. Kwa hivyo haya ndiyo ningemwambia anko kabla alipe.

Gari inabebwa na hewa, si rimu

Wengi wetu tunafikiria rimu ndio inabeba gari. Zii. Kinachobeba gari ni hewa iliyofungiwa ndani ya tairi. Rimu ni ya kushikilia hiyo hewa mahali pake, na kuizungusha.

Sasa angalia. Nafasi iliyo chini ya gari haiongezeki. Ukiweka rimu kubwa, kuna kitu lazima kipungue, na hicho kitu ni ukuta wa tairi, ile sehemu ya mpira kati ya rimu na lami. Ukuta ukipungua, hewa inapungua nayo.

Gari ikiingia kwa shimo, tairi inafaa kubonyea, ilambe hilo pigo, irudi. Ukuta ukiwa mfupi haina mahali pa kubonyea. Mpira unafinywa kati ya ncha ya shimo na chuma ya rimu, kama kidole kwa mlango. Nyuzi za ndani zinakatika. Ukiwa na bahati, tairi inafura kando kama jipu. Ukikosa bahati, inapasuka hapo hapo. Na hata hilo jipu usilichukulie poa. Hiyo tairi imekwisha, haizibwi kama pancha.

Jifunze kusoma namba za tairi

Kando ya tairi kuna maandishi kama 255/55R20. Hii ndio ilikuwa kwa gari ya anko. Maana yake ni hivi:

255 ni upana wa tairi kwa milimita.
55 ni urefu wa ukuta, lakini si milimita. Ni asilimia 55 ya huo upana.
R ni vile tairi imeundwa ndani, na siku hizi karibu zote ni R.
20 ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

Toa kalkuleta ya simu. 255 mara 0.55 ni milimita 140. Hiyo ni ukuta wa sentimita 14, mpira wa kutosha.

Hii Sport ya 2013 hadi 2022, Land Rover wenyewe waliiuza pia na 275/45R21 na 275/40R22. Ya 21 ina ukuta wa milimita 124. Ya 22 ina 110. Unaona vile tunashuka polepole?

Sasa zile 24 nilimuuzia anko zilikuwa 275/30R24. Ukuta ni milimita 82. Chukua kadi yako ya benki, iweke mezani. Urefu wa hiyo kadi ni milimita 85. Yaani gari ya tani mbili na kitu, bila hata mtu mmoja ndani, ilikuwa inaenda Kitengela usiku na ukuta wa mpira mfupi kuliko kadi ya benki.

Namba yenye hakuna broka atakuonyesha

Baada ya ukubwa, kuna namba nyingine na herufi, kama 110W. Herufi ni ya mwendo. Hiyo namba ndio ya mzigo, na hapo ndio nilimkosea anko kabisa.

Hiyo 110 haimaanishi kilo 110. Ni kodi. 110 inamaanisha tairi moja inaweza kubeba kilo 1,060. 108 ni kilo 1,000. 101 ni kilo 825.

Tairi za 20 za hii Sport huja na 110. Zile za kiwanda za 22 huja na 108, na Land Rover walishazipima kwa hiyo gari. Za 24 za anko ziliandikwa 101. Yaani kila tairi ilipoteza kilo 235 za nguvu. Halafu panda watu watano, weka mizigo ya ushago kwa buti, ingia shimo na kasi. Hesabu inakataa.

Sheria ni moja. Usiwahi kushuka chini ya namba ya mzigo yenye mtengenezaji ameruhusu. Iko kwa kitabu cha gari, na mara nyingi iko kwa kikaratasi kilichobandikwa hapo mlango wa dereva unafungia. Hapo pia ndio unapata presha inayofaa.

"Si basi niweke 24 yenye ukuta mkubwa?"

Swali poa. Ukichukua 295/35R24, ukuta unarudi hadi milimita 103. Lakini sasa tairi nzima inakuwa kubwa kuliko ile gari ilitoka nayo. Ya 20 ina kimo cha milimita 788 kutoka juu hadi chini. Hii ina 816. Umeongeza asilimia 3.5.

Hapo kuna shida mbili. Ya kwanza ni spidi. Tairi kubwa inaenda mbali zaidi kila ikizunguka, lakini dashibodi haijui. Unaona 110, ambayo ndio mwisho wa sheria kwa gari ndogo, na kumbe uko karibu 114. Jaribu kumweleza karao mwenye ameshika kamera hiyo hesabu.

Ya pili ni kuguza. Range ina saspensheni ya hewa. Ukiishusha ndio mathe apande bila kuruka, inashuka kama sentimita 5. Tairi iliyokuwa inapita vizuri ikiwa juu sasa inakula plastiki ya ndani ya tao. Ukikata kona na gari imejaa, unaskia krrr. Hiyo sauti ni tairi inanyolewa.

Angalia za kiwanda tena: ya 21 ina kimo cha milimita 781, ya 22 ina 779. Zote ziko karibu na 788. Hiyo si bahati. Mahandisi waliongeza rimu, wakatoa ukuta, kimo kikabaki karibu pale pale.

Mashimo ya nati na ile tundu ya katikati

Hii Sport ina nati 5, na zimekaa kwa duara la milimita 120. Mafundi huita 5 kwa 120. BMW X5 nyingi za zamani pia ni 5 kwa 120, na hapo ndio mabroka hukupata. "Boss, hizi za X5 zinaingia bila shida."

Zinaingia kweli. Lakini tundu ya katikati ya Sport ni milimita 72.6, na ya X5 ya 2014 ni 74.1. Hiyo nafasi ndogo inamaanisha rimu haijakaa kwa habu, inaning'inia kwa nati pekee. Ukifika spidi ya barabara kuu, steringi inaanza kutetemeka na fundi anakuambia ni balansi. Si balansi. Dawa yake ni pete ya katikati inayojaza hiyo nafasi, au ununue rimu ya gari yako, uachane na hiyo stori.

Kitu kingine ni ofseti, ile namba imeandikwa ET nyuma ya rimu. Inakuonyesha rimu itaingia ndani kiasi gani ama itatoka nje. Sport ya kiwanda iko kwa arobaini na kitu. Ukiweka ya ET25, tairi inatoka nje kama sentimita 2. Inakaa kali, siwezi kukudanganya. Lakini beringi zinavutwa vibaya, na matope yote ya Ruai yanaishia kwa milango yako.

Kabla ulipe, fanya hivi

Geuza rimu uangalie nyuma. Tafuta ukubwa, ET, na mzigo wa juu kabisa yenye inabeba. Rimu nyingi za maana za Japani zina alama za JWL na VIA. Kama nyuma ni safi kama sahani, jiulize kwa nini.

Tafuta alama za kuchomelewa. Rimu iliyopasuka ikachomelewa na kupakwa rangi nyeusi inakaa mpya kabisa. Pitisha kidole upande wa ndani. Ukiskia kovu, achana nayo. Iweke pia kwa mashine ya balansi, uitazame ikizunguka. Kama inacheza kama chapati kwa hewa, imepinda.

Soma tarehe ya tairi. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna namba nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado imezeeka.

Usichanganye. Hii gari inavuta miguu yote minne. Tairi za vimo tofauti zinafanya difu zipigane siku nzima, na kurekebisha hiyo kitu ni bei ya gari ingine.

Ijaribu ikiwa chini. Shusha saspensheni, pakia mabeshte wanne, kata steringi mwisho kushoto na mwisho kulia, polepole. Ikiguza hapo dukani, itaguza kila siku.

Hamisha sensa za presha kutoka rimu za zamani, ama ununue zinazoingia. Bila hivyo taa itawaka kwa dashibodi, utaizoea, na siku hewa itakuwa inaisha kweli hutajua.

Kaza nati kwa spana ya torki, si kwa kuruka juu ya spana. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudi zikazwe tena.

Ambia watu wa bima. Ukibadilisha gari bila kuwaambia, unawapa sababu ya kukataa kulipa siku yenye unawahitaji.

Na hii niliilipia kwa machozi: usiuze rimu zako za zamani. Zifunike na gunia uziweke stoo miezi mitatu. Anko aliporudi dukani zile 20 zake zilikuwa zimeshauzwa.

Sasa uweke ngapi?

Kama gari yako inalala Kilimani na inazunguka tu lami safi ya mjini, 22 za ukubwa wa kiwanda, 275/40R22, ziko sawa. Punguza mwendo mvua ikinyesha na uchunge presha kila wiki. Kama unaishi Kitengela, Ruai, Juja ama popote lami inaisha kabla ufike kejani, baki na 20 au uwe na 21. Bado itakaa fiti. Na 24? Hizo ni za gari ya kupiga picha. Kama ndani kutakaa watoto wa mtu, zii.

Anko sasa ako na 21. Mi nilimrudishia ile elfu kumi na tano, tatu tatu, kwa miezi mitano. Hakuwa ameniuliza. Siku ya mwisho akaniita, akafungua buti, akanionyesha spea. Alikuwa ameinunulia tairi mpya ya 21 pia, na presha ameandika kwa karatasi hapo kando. Akasema, "Hii nilijichagulia."

Nikasoma kando: 110. Nikamwambia iko sawa.