Moyo wa Ilsa: msukumo wa mhusika na uteuzi wa waigizaji katika filamu «Casablanca»

Filamu «Casablanca», iliyoongozwa na Michael Curtiz na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mnamo Novemba 1942, husimuliwa kama kisa cha mwanamume anayemwacha mpenzi kwa ajili ya vita. Usimulizi huo humtazama Rick peke yake. Swali gumu zaidi lamhusu Ilsa: kwa nini apanda ndege pamoja na mumewe, Victor Laszlo?

Msukumo wa Rick umeandaliwa mapema. Mtazamaji huarifiwa kwamba alipeleka silaha Ethiopia mwaka 1935, na kwamba mwaka 1936 alipigana Hispania upande wa serikali. Kwa hiyo kujitenga kwake ni jeraha, si tabia. Ilsa hakupewa historia ya namna hiyo. Anamwelekezea Rick bastola ili apate hati za kusafiria, anashindwa kufyatua, kisha anamwachia afikiri kwa niaba ya wote. Uamuzi wenyewe anaupokea kwenye uwanja wa ndege kama habari.

Katika tamthilia ya Murray Burnett na Joan Alison iliyozaa filamu hii, mwanamke huyo alikuwa Mmarekani, jina lake Lois, wala hakuwa mke wa Laszlo. Waandishi wa filamu walimfanya mke aliyedhani mumewe amekufa. Hivyo walimwondolea lawama ambayo kanuni za Hollywood zisingeivumilia, ila wakampunguzia uhuru. Ingrid Bergman, Mswidi, alieleza baadaye kwamba aliigiza bila kujua ataondoka na nani, maana mswada ulikuwa ukiandikwa bado. Kusitasita kunakoonekana usoni mwake kunaziba pengo la mswada.

Kwa waigizaji wengine, maisha yenyewe yalitoa msukumo. Conrad Veidt, aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 pamoja na mkewe Myahudi, ndiye anayeigiza afisa wa Kinazi. Madeleine LeBeau, anayelia wimbo wa taifa la Ufaransa unapoimbwa, alikuwa ameikimbia nchi hiyo mwaka 1940.

Sam, aliyeigizwa na Dooley Wilson (mpiga ngoma asiyejua piano!), hana nia yoyote zaidi ya uaminifu kwa Rick. Wamoroko ni wapita njia katika mji wao. Mwishoni Renault anapendekeza waende Brazzaville, makao makuu ya Ufaransa Huru tangu 1940: Kongo inatajwa kama kimbilio, na hakuna Mkongo hata mmoja anayeonekana.