Mbwa Aliyekatwa Mguu: Kazi ya Wiki Mbili Nyumbani



Huku kwetu pwani, kuanzia Mapinga na Zinga mpaka Kiwangwa na Miono, mkulima hafugi mbwa kwa kujifurahisha. Mbwa ni mlinzi wa shamba. Usiku nguruwe mwitu huingia kwenye mihogo. Mchana ngedere na nyani hushuka kwenye mahindi. Mbwa akibweka, mwenye shamba anajua kuna mgeni.

Lakini vichakani kuna mitego ya waya. Watu huitega ili wapate nyama ya porini, na mtego hauchagui. Mbwa akinaswa, waya hukaza mguu na damu haipiti. Mguu uliokosa damu hufa. Huvimba, hupoa, huwa mweusi na kutoa harufu. Mguu wa namna hiyo haufufuki kwa dawa yoyote. Ukiachwa, sumu ya uozo huingia mwilini na mbwa hufa. Njia inayobaki ni kuukata.

Hayo yalimpata mbwa wa mzee mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu wa kisomo. Mbwa huyo anaitwa Simba. Majirani walimwambia mzee, "Mpige rungu yaishe. Mbwa wa miguu mitatu ana kazi gani?" Mzee akanijia nyumbani jioni. Akasema, "Mwalimu, huyu kanilindia shamba miaka minne. Leo nimpige rungu mimi mwenyewe?"

Basi tukamtafuta daktari wa mifugo. Simba akachomwa dawa ya usingizi na kukatwa mguu wa nyuma. Tulipokuja kumchukua, daktari alituambia neno moja ambalo sijalisahau: "Kazi yangu imekwisha leo. Yenu ni ya wiki mbili."

Neno hilo ndilo nataka tulielewe. Kukata ni kazi ya daktari peke yake. Usijaribu kukata kwa panga wala kisu nyumbani, maana mbwa atakufa kwa damu na maumivu. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Lakini kupona au kutopona kwa mshono, hiyo ni kazi yetu wenye mbwa.

MBONA AMEKATA JUU SANA?

Mzee alishtuka. Jeraha la waya lilikuwa chini, karibu na wayo, lakini daktari alikata juu karibu na nyonga. Sababu ni hii. Kikibaki kipande cha mguu, mbwa atajaribu kukikanyagia. Kitajigonga chini kila siku na kuwa kidonda kisichopona. Tena nyama ya juu ni nzima na ina damu ya kutosha, kwa hiyo mshono hushika upesi.

SIKU YA KWANZA

Mbwa hurudi nyumbani akiwa bado ana kilevi cha dawa. Mlaze mahali pakavu penye kivuli, juu ya gunia safi au mkeka mkuukuu. Usimlaze kwenye vumbi, wala kwenye banda la mbuzi. Mpe maji kidogo kidogo akishaamka sawasawa. Chakula mpe kidogo jioni, akiwa anaweza kusimamisha kichwa. Ukimlisha angali amelewa, chakula kinaweza kuingia njia ya pumzi.

Akilia usiku, usishangae. Maumivu ya siku mbili tatu za kwanza ni makali. Mpe dawa aliyoandika daktari, kwa kipimo chake. Usimpe vidonge vyako vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa, na zinaweza kumwua.

KUANGALIA MSHONO

Angalia mshono asubuhi na jioni kwenye mwanga mzuri. Mwanzoni kuvimba kidogo, wekundu kidogo na matone machache ya majimaji yenye damu ni mambo ya kawaida. Kila siku hali iwe nafuu kuliko jana.

Mshono wenyewe usiuguse bila sababu. Kama uchafu umeingia, chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, yaache yapoe. Chovya kitambaa safi, futa taratibu pembeni mwa mshono, kisha kausha. Usisugue. Usimwogeshe mbwa, na usimpeleke baharini ati maji ya chumvi yanaponya. Bahari ina mchanga na uchafu.

Usitie mafuta ya taa, majivu, tumbaku, unga wa betri wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi huunguza nyama changa au huleta vijidudu. Ni kweli wazee wetu walitumia baadhi yake, lakini hawakuwa na daktari wa kushona.

ULIMI WA MBWA SI DAWA

Wengi husema mbwa hujiponya kwa kulamba. Si kweli kwa mshono. Ulimi wake ni mkwaruzo, na mdomo wake umejaa vijidudu. Akilamba nusu saa tu, nyuzi hulegea.

Fanya hivi. Chukua ndoo ndogo ya plastiki, kata kitako chake, lainisha kingo kwa kitambaa. Mvishe shingoni mdomo wa ndoo ukielekea mbele, uifunge kwenye ukanda wake wa shingo. Ataweza kula na kunywa, lakini hataufikia mshono.

Hapo ndipo tulipokosea. Siku ya tano mzee alimwonea Simba huruma, akamvua ndoo "apumzike kidogo." Asubuhi nyuzi tatu zilikuwa zimekatika na mshono umeachama. Ilibidi turudi kwa daktari, na fedha ya mananasi ya wiki ile ikaishia huko. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ndoo ibaki mpaka nyuzi zitolewe.

NZI NI ADUI MKUBWA

Kwenye joto letu la pwani nzi hawachelewi. Nzi wa kijani hutaga mayai kwenye jeraha, na kwa muda usiozidi siku moja mayai yanaweza kuangua funza. Mlaze mbwa chini ya chandarua kikuukuu kisicho na matundu makubwa. Zoa kinyesi chake mara moja. Mabaki ya chakula yasilale hapo. Ukiona funza, usimwage mafuta ya taa. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

MIKONO YETU

Wengi wetu huku ni Waislamu, na mate ya mbwa kwetu ni najisi. Mzee alisitasita kumshika Simba kwa sababu hiyo. Lakini tangu zamani watu wa pwani wamefuga mbwa wa ulinzi, na wanajua namna ya kujitoharisha: kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Kumhudumia mnyama mgonjwa si kosa. Vaa glavu, au mfuko safi wa plastiki mkononi. Tenga bakuli na kitambaa chake. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni, kisha ufuate taratibu za dini yako.

Jambo jingine, mbwa mwenye maumivu anaweza kumwuma hata bwana wake. Kabla ya kuangalia mshono, mtu mmoja amshike kichwa, na mdomo ufungwe kwa muda mfupi kwa utepe wa kitambaa. Usimfunge kama anatapika au anahema kwa shida. Watoto wakae mbali.

Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Kinga ipo. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

DALILI ZA HATARI

Rudi kwa daktari upesi ukiona moja kati ya haya:
1. Damu inatoka na haikomi.
2. Usaha au harufu mbaya.
3. Uvimbe unaozidi, tena wa moto.
4. Mshono umeachama.
5. Mbwa hajala kutwa nzima baada ya siku ya kwanza, au amelegea.

Dawa za kuua vijidudu zimalizwe zote, hata kama mbwa anaonekana mzima.

KUTEMBEA TENA

Kwa wiki mbili mbwa afungwe kamba, atoke kujisaidia tu, kisha arudi kulala. Mwanzoni mpitishie gunia chini ya tumbo na umwinue kidogo. Sakafu laini ya saruji humteleza, kwa hiyo tandika mkeka. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Asiruhusiwe kunenepa, kwa kuwa miguu mitatu inabeba mzigo wa minne. Aliyepoteza mguu wa mbele hupata shida zaidi, maana miguu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili.

Je, Simba ana kazi gani sasa? Hamkimbizi tena nguruwe. Lakini mlinzi hahitaji miguu minne ili anuse na abweke. Usiku akibweka, mzee huamka na kupiga debe, na mihogo inapona. Yule jirani wa rungu naye, ambaye shamba lake limepakana na la mzee, siku hizi huamka kwa sauti ya Simba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini daktari hukata mguu juu ya jeraha?
2. Kwa nini si vizuri mbwa kulamba mshono? Tengenezeni ndoo ya shingo mkiwa pamoja.
3. Mbwa wangapi kijijini kwenu wamechanjwa mwaka huu?
4. Mitego ya waya iko wapi karibu na mashamba yenu, na mtafanya nini ili iondolewe?