Hoho za uani: Kata ua la kwanza, familia ipate mboga

Mama wa Kilwa akipika mchicha au kunde, anampa mwanawe madini ya chuma, yanayosaidia kuzuia upungufu wa damu. Lakini chuma cha mboga na kunde hakifyonzwi kirahisi mwilini. Kinahitaji msaada wa vitamini C, na hapo ndipo pilipili hoho inapoingia.

Hoho nyekundu mbichi ina vitamini C zaidi ya mara mbili ya chungwa la uzito uleule. Vipande vichache kwenye kachumbari vinamtosha mtoto wa miaka mitano kwa siku. Ukiipika muda mrefu, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea.

Basi kwa nini wengi tunapanda hoho tukaishia kuvuna majani? Mara nyingi ni kwa sababu ya kubananisha miche na kuogopa kisu.

Iwe ni kitalu nyumba au uani, acha sentimita 45 hadi 50 kati ya mche na mche. Ukitumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, panda mche mmoja tu. Miche iliyosongamana haipitishi hewa, na unyevu wa pwani hukaribisha ukungu.

Mche ukikua, shina hugawanyika na ua la kwanza hutokea palepale kwenye panda. Litoe. Inauma, lakini tunda hilo la mapema hula nguvu za mmea ambao bado mchanga. Kisha ondoa machipukizi yote yaliyo chini ya panda. Ndani ya kitalu nyumba, bakiza matawi makuu mawili, uyafunge kwa kamba yapande juu, na upogolee kila wiki.

Uani, usipogolee sana. Jua la Lindi huunguza tunda lisilo na majani ya kulifunika. Joto likizidi nyuzi 32, maua hupukutika, hivyo kitalu cha plastiki kisicho na madirisha mapana hugeuka tanuri. Kivuli chepesi cha makuti kinasaidia, na miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ndiyo rafiki zaidi kwa maua.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupogolea, hasa ukivuta sigara, kwani virusi vya tumbaku huhamia kwenye hoho kupitia vidole. Ukipulizia dawa ya wadudu, watoto wakae mbali, na usivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kuisha.

Jambo la mwisho ni chai. Ikinywewa pamoja na mlo, hupunguza chuma kinachofyonzwa. Mpe mtoto maji, na kachumbari ya hoho pembeni. Na akionekana mweupe machoni au mchovu kila mara, mpeleke kituo cha afya apimwe damu. Usingoje hoho ziive.