Umetumia Kompyuta ya Saiba? Futa Kuki Kabla ya Kuinuka

Wateja wetu wengi wa Usenge hufanya kila kitu kwa simu. Lakini ikifika kuchapisha taarifa ya akaunti, ile ya miezi sita ambayo chama hutaka kabla ya mkopo, wanaenda saiba. Unaingia kwenye akaunti, unachapisha, unalipa, kisha unasikia boti ya Mageta inajaa na unafunga dirisha haraka haraka. Akaunti yako huenda bado iko wazi.

Sababu ni kuki. Hizi ni data ndogo ambazo tovuti huweka kwenye brauza ili ikukumbuke. Zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Ukishaingia, kuki inakuwa kama tikiti: aliye nayo ndiye anayepita, haulizwi nywila tena. Anayeketi baada yako akifungua tovuti yetu anaweza kupita na tikiti yako. Kutuma pesa hawezi bila PIN, lakini ataona salio, na majina na nambari za wanaonunua omena kwako. Na je, kama ni mnunuzi mwenyewe? Akijua jana uliuza kwa bei gani, leo mtapatana vipi?

Kwa hivyo bonyeza Toka kwanza. Halafu shika Ctrl, Shift na Delete pamoja. Kwenye Chrome, Firefox na Edge hapo ndipo pa kufuta data. Chagua kuki, na faili za akiba pia. Hizo za akiba ni picha na vipande vya kurasa vilivyowekwa ili tovuti ifunguke upesi; kuzifuta peke yake hakukutoi kwenye akaunti. Angalia muda: ikiwa imechaguliwa saa moja iliyopita na wewe uliingia asubuhi, kuki ya asubuhi inaweza kubaki. Chagua muda wote, ila mwambie mwenye saiba kwanza, maana utawatoa na wengine.

Nywila ni habari nyingine. Brauza ikiuliza kama iihifadhi, kataa, kwa sababu kufuta kuki hakuigusi. Hata ile taarifa uliyopakua imebaki kwenye kompyuta. Ifute, kisha uifute tena kwenye pipa la taka.

Kama umekumbuka haya ukiwa tayari ndani ya boti, usihangaike kurudi. Badilisha nywila kwa simu yako hapo hapo, nasi tutafunga kila mahali ulipokuwa umeingia.