Nyumba Inayokokotwa: Kijumba Juu ya Tela na Mikono ya Jamaa

Nchini Marekani nyumba ya familia aghalabu hununuliwa kwa mkopo wa miaka 30, na wengi huzeeka kabla hawajamaliza kuulipa. Ndiyo maana wametokea huko watu waliokata shauri kujijengea vijumba vidogo mno juu ya matela, kwa mikono yao wenyewe na ya jamaa zao. Kijumba cha namna hiyo si karavani iliyotoka kiwandani. Ni nyumba hasa, yenye kuta za mbao, paa la mgongo, mlango wa kufuli, jiko na kitanda. Ila msingi wake si mawe wala saruji, bali ni fremu ya chuma yenye magurudumu. Mwenyewe akihama, hukifunga nyuma ya gari na kuondoka nacho.

Askari aliyekwisha kupakia kabati na vitanda juu ya lori kwa ajili ya uhamisho, huku watoto wakiiaga nyumba ya kambini ambayo haikuwa yao, ataona mara moja utamu wa jambo hili. Kadhalika mwenzi wake. Lakini yafaa kuitazama kazi yenyewe ilivyo, kwani picha za vijumba hivi hupendeza kuliko hesabu zake.

Mfano mashuhuri ni wa Bibi Dee Williams. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu vya kulala mjini Portland, jimbo la Oregon, pamoja na deni lake. Kabla hajawa mzee, madaktari wakamgundua kuwa na ugonjwa wa moyo. Akasoma habari za Jay Shafer, aliyejijengea kijumba cha magurudumu mnamo mwaka 1999, na wazo hilo likamkaa. Mwaka 2004 bibi huyo alijijengea chake, rafiki wakimsaidia, kwa dola zipatazo 10,000, akitumia na vifaa vya kuokoteza. Kisha akakikokota hadi Olympia, mji mkuu wa jimbo jirani la Washington, akakiweka katika ua wa rafiki zake. Ukubwa wake ulikuwa futi 84 za mraba. Plaiwudi moja nzima ina futi 4 kwa 8, yaani futi 32 za mraba. Basi sakafu ile yote haikufika plaiwudi 3! Kitanda kiliwekwa darini, kikapandiwa kwa ngazi. Kisa hicho amekisimulia katika kitabu chake, The Big Tiny, kilichotoka mwaka 2014. Siku hizi wanaonunua kijumba kilichokwisha kujengwa na mafundi hulipa dola makumi ya maelfu, na hapo faida yake karibu yote hupotea.

Kazi huanza na tela, na hapa ndipo wengi wanapotaka kubana fedha mahali pasipobanwa. Tela kuukuu lililobeba mashua au mchanga laweza kuwa na kutu ndani ya vyuma vyake, na kulibadilisha baada ya nyumba kusimama ni sawa na kubadilisha msingi wa nyumba ya mawe. Vipimo vyake hutolewa na barabara. Katika majimbo mengi ya Marekani kitu kinachokokotwa bila kibali maalum kisizidi upana wa futi 8 na nusu, wala kimo cha futi 13 na nusu kutoka chini ya gurudumu hadi kileleni. Anayejenga hupunguza kutoka humo unene wa kuta, urefu wa magurudumu na mteremko wa paa. Kinachobaki ndicho chumba chake.

Baada ya vipimo huja uzito. Takriban sehemu 60 katika 100 za mzigo zinatakiwa kuwa mbele ya katikati ya ekseli, na kiungo cha mbele kinachofungwa kwenye gari kibebe sehemu 10 hadi 15 katika 100 za uzito wote. Kijumba cha tani 4, basi, hukilemea kiungo hicho kwa kilo 400 hadi 600. Kikilemewa kwa uchache, tela litapiga mkia barabarani kama samaki, na laweza kuliangusha gari pamoja na abiria wake. Kwa hiyo haifai kupanga jiko upande huu na kabati upande ule kwa kufuata mapenzi ya macho tu. Lita 200 za maji ni kilo 200. Tangi lake huwekwa karibu na ekseli, na safarini huwa tupu.

Siku inayokumbukwa na kila familia iliyojenga ni ya kuinua kuta. Kabla yake sakafu imekwisha kutengenezwa: mabati bapa chini ili maji na panya wasipite, kisha vizuizi vya baridi, kisha plaiwudi. Fremu za kuta hupigiliwa zikiwa zimelala, halafu watu wanne au watano huziinua pamoja, mmoja akishika pimamaji na mwingine akifunga mbao za kushikiza kwa muda. Siku hiyo shemeji ambaye hajapata kushika nyundo hufaa kama fundi, maana kinachotakiwa ni bega. Watoto hupewa sumaku iliyofungwa kamba, wakapita wakiokota misumari majanini kabla haijaingia katika mipira ya magari. Bibi aliyeketi kitini hupaka rangi mbao ambazo bado hazijapandishwa. Na chakula kiwe tayari kwa saa yake. Wasaidizi wasiolipwa huvumilia jua kuliko njaa.

Lakini hapana budi awepo mkuu mmoja wa kazi, na utepe mmoja wa kupimia. Tepe mbili za viwanda mbalimbali huweza kutofautiana kidogo, na kaka wawili hutofautiana zaidi. Umeme na gesi viachiwe mwenye ujuzi hata kama mjomba amejitolea kwa moyo mweupe, kwa sababu katika chumba kidogo moshi hujaa upesi na njia ya kutoka ni moja. Dirisha la darini litengenezwe kubwa kiasi cha mtu mzima kupita, ili moto ukianza jikoni aliyelala juu asitegemee ngazi. Kingine ni jasho la nyumba: pumzi za watu na mvuke wa sufuria hugeuka maji juu ya kuta, na bila matundu ya hewa mbao huota ukungu.

Swali zito kuliko yote ni pa kukiweka. Mwaka 2018 kanuni za ujenzi zitumiwazo katika majimbo mengi ya Marekani ziliongezewa nyongeza juu ya nyumba zisizozidi futi 400 za mraba, ikitaka dari la sebule lisipungue futi 6 na inchi 8. Nyongeza hiyo, hata hivyo, haina nguvu mpaka serikali ya mahali iikubali. Tena chenye magurudumu huhesabiwa na wakuu wengi wa miji kuwa gari, na kuishi ndani ya gari daima hawakuruhusu. Familia iliyotumia akiba yake yote huweza kuamriwa kuondoka. Rafiki mwenye ua ni neema, lakini ua ni wake, na siku akiuza, mgeni huondoka na nyumba yake. Wajenzi wenye busara hulimaliza jambo la kiwanja kabla ya kununua ubao wa kwanza.

Wako waliotatua shida hiyo kwa kuacha magurudumu kabisa. Katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, chama cha waliokuwa askari, Veterans Community Project, kimejenga kijiji cha vijumba 49 vilivyosimama ardhini kwa ajili ya askari wa zamani waliokosa makao: futi 240 za mraba kwa mtu mmoja, futi 320 kwa familia.

Kwa mwenye magurudumu, siku ya kuhama vyombo vya udongo hulazwa kitandani katikati ya mablanketi, rafu hufungwa kamba, gesi hufungwa na ngazi hulazwa sakafuni. Nyumba itatikiswa njia nzima kama iliyo katika tetemeko la ardhi, na ndiyo sababu mbao zake zilifungwa kwa skrubu na gundi, si kwa misumari peke yake. Jeki za pembeni hupandishwa, breki na taa za tela hujaribiwa, minyororo ya usalama hupishanishwa chini ya kiungo. Baada ya maili 50 dereva husimama kando ya barabara, akashika spana na kukaza nati za magurudumu upya, moja baada ya nyingine.