Dado, Kadi na Mguu Uliovunjika: Majeraha katika Besiboli ya Mezani

Tarehe 5 Juni 1963, katika uwanja wa mji wa Baltimore nchini Marekani, mchezaji wa besiboli Mickey Mantle alikimbia kuufuata mpira uliokuwa ukivuka uzio. Kiatu chake kilinasa katika waya za uzio huo na mguu ukavunjika. Msimu ule ulikuwa wa mechi 162. Mantle alicheza mechi 65 tu. Kwa washabiki wa timu yake, New York Yankees, hiyo ilikuwa habari ya huzuni. Kwa kundi dogo la watu wenye kazi ya pekee, ilikuwa pia swali la hisabati: mguu uliovunjika utaandikwaje katika kadi ya karatasi, hata mtu arushaye dado mezani nyumbani kwake aukute tena?

Hapana budi kutoa maelezo machache kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe. Katika besiboli mrushaji humrushia mpigaji mpira mdogo mgumu, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa rungu la mti na kukimbilia kituo cha kwanza kati ya vituo vinne. Kila zamu ya mpigaji huishia katika tokeo moja liwezalo kuandikwa daftarini: ametolewa, amefika kituo fulani, au ameupiga mpira ukapita juu ya uzio, naye akavizunguka vituo vyote. Kwa hiyo mchezo huu umekwisha kukatwakatwa vipande vidogo vyenye kuhesabika, na Wamarekani wamevihesabu kwa bidii tangu karne ya 19. Anayetaka kuiga kandanda kwa dado atapata taabu kubwa, kwa maana mpira wa miguu unatiririka kama maji. Besiboli inahesabika kama mayai.

Hesabu hizo ndizo zilizozaa michezo ya mezani ya kadi. J. Richard Seitz wa Lancaster, Pennsylvania, alianza kuuza mchezo wake uitwao APBA mwaka 1951. Hal Richman wa New York alimfuata na Strat-O-Matic mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yote miwili ingali ikiuzwa mpaka leo. Kila mchezaji wa kweli wa msimu fulani ana kadi yake, na kadi hiyo imepangwa ili, dado zikirushwa mara nyingi, matokeo yakaribiane na yale aliyoyapata uwanjani. Katika APBA hurushwa dado mbili, kubwa na ndogo; kubwa husomwa kama makumi na ndogo kama mamoja, kuanzia 11 hadi 66, hivyo kuna matokeo 36 yenye uwezekano sawa. Strat-O-Matic hutumia dado tatu. Moja huchagua safu: 1 hadi 3 ni safu za kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 ni za kadi ya mrushaji. Mbili zilizobaki hujumlishwa, na jumla yake, kutoka 2 hadi 12, huonyesha mstari wa kusoma. Dado tatu zina njia 216 za kuanguka, na kila kadi humiliki nusu yake, yaani 108.

Sasa tulitazame jeraha. Katika Strat-O-Matic baadhi ya mistari ya kadi ya mpigaji huongeza, baada ya tokeo la kawaida, kwamba mtu huyo ameumia. Katika APBA kadi hubeba herufi J na tarakimu inayopima wepesi wa mchezaji kuumia. Baada ya hapo mchezeshaji huenda kwenye jedwali la pili ili ajue mgonjwa atakaa nje kwa muda gani. Hivyo kuna maswali mawili, na kila moja lina dado zake: je, ameumia? Na kama ameumia, kwa muda gani?

Tuchukue kadi ya kubuni. Neno la kuumia limeandikwa katika safu ya kwanza, kwenye jumla ya 4. Uwezekano wa safu ya kwanza ni 1 katika 6. Jumla ya 4 hupatikana kwa njia tatu kati ya 36, nazo ni 1 na 3, 2 na 2, 3 na 1. Tukizidisha tunapata 3 katika 216, yaani 1 katika 72. Mpigaji wa kawaida hupata zamu nne hivi katika mechi, basi kwa mechi 162 atapata zamu 648, na 648 ukigawa kwa 72 ni 9. Mtu huyu ataumia mara tisa kwa wastani. Lau neno lilelile lingewekwa kwenye jumla ya 2, ambayo ina njia moja tu, angeumia mara tatu. Kwa kulihamisha neno moja mistari miwili, mtungaji ameubadilisha mwili wa mtu.

Jedwali la muda nalo tulibuni, kwa dado yenye nyuso 20. Nyuso 10 humwondoa mchezaji kwa sehemu iliyobaki ya mechi ile tu. 5 humweka nje mechi 2. 3 humweka nje mechi 5. Moja mechi 10. Na moja mechi 15. Jumla ya mechi ni 0 + 10 + 15 + 10 + 15, yaani 50, na wastani wa kila jeraha ni mechi 2.5. Mwanafunzi mwepesi atasema mara moja: majeraha 9 mara 2.5 ni mechi 22.5. Jibu hilo si sahihi, na sababu yake ni nzuri. Mchezaji aliye nje hapati zamu, na asiyepata zamu hawezi kuumia. Hesabu ifaayo huanza hivi: kila mechi 18 anazocheza huzaa jeraha moja, na jeraha hilo humgharimu mechi 2.5. Kwa hiyo katika kila mechi 20.5 za timu yeye hucheza 18. Kati ya mechi 162 atacheza 142 hivi na kukosa 20. Jeraha hujipunguza lenyewe. Wanaochunguza maradhi ya watu au uchakavu wa mitambo huikuta hali hii kila siku: mashine iliyo gereji haiharibiki tena njiani.

Wastani, hata hivyo, si ahadi. Yule wa majeraha matatu kwa msimu anaweza kumaliza zamu zote 648 bila kuumia hata mara moja. Uwezekano wake ni 215/216 ikizidishwa yenyewe mara 648, nao ni karibu 0.05, au msimu mmoja katika ishirini. Mchezeshaji aliyebahatika hivyo hudhani kwamba kadi ina kasoro, na aliyepata majeraha sita hudhani hivyohivyo. Wote wawili wamekosea.

Mtu aweza kuuliza kwa nini watungaji walijisumbua. Burudani ya mezani ingeweza kuwaacha watu wote wazima. Jibu liko katika kadi ya Mantle ya mwaka 1963. Katika zamu 172 zilizohesabiwa (zile alizopewa kituo cha bure hazimo) alipiga mipigo 54 ya mafanikio, wastani wa 0.314, na 15 kati yake ilivuka uzio. Hiyo ni moja kwa kila zamu 11 na nusu. Mchezeshaji akiachiwa kumtumia kwa zamu 500 atapata mipira 43 au 44 juu ya uzio, na timu ya mezani itakuwa na nguvu ambazo Yankees wa kweli hawakuwa nazo.

Kisa cha Bob Hazle kinaonyesha hatari hiyo waziwazi zaidi. Mwezi Julai 1957 Bill Bruton wa Milwaukee Braves aligongana na mwenzake uwanjani akaumia goti. Hazle aliitwa kutoka ligi ya chini kuziba pengo. Katika mechi 41 alipiga kwa wastani wa 0.403, na mwaka huo timu ikatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata alikuwa mpigaji wa kawaida, tena chini ya kawaida. Mechi 41 ni sampuli ndogo. Bahati hukaa humo kwa raha. Lakini kadi haijui hayo. Kadi ya Hazle wa 1957 ni kadi ya shujaa, na pasipo kizuizi kila mchezeshaji atamchezesha msimu mzima. Hivyo jeraha la karatasi lina kazi ya pili, nayo ni breki. Wachezaji waliopata zamu chache uwanjani huruhusiwa na kanuni kuumia kwa muda mrefu, na waliopata zamu nyingi huwekewa ukomo mfupi. Ligi nyingi za wachezeshaji huongeza sharti la wazi: usimtumie mtu kupita zamu alizopata. Kwangu mimi sharti hilo ni bora kuliko breki ya dado, kwa kuwa halimsingizii ugonjwa mtu ambaye pengine alikuwa mzima kabisa, ila kocha hakumchagua.

Hapo ndipo penye udhaifu wa mbinu nzima. Kinachohesabiwa katika takwimu za msimu ni kutokuwepo, na kutokuwepo si kuumia. Lou Gehrig hakukosa mechi hata moja kati ya 2,130 mfululizo kuanzia 1925 hadi 1939. Cal Ripken alimpita kwa mechi 2,632 kati ya 1982 na 1998. Kwa kanuni hizi kadi zao hazina jeraha la maana. Haifuati kwamba miili yao haikuuma. Inafuata tu kwamba walitokea. Tena mfululizo wa Gehrig haukukatizwa na ajali ya zamu moja. Ulikatizwa na ugonjwa wa neva uliokuwa ukimla polepole, ambao ulimwua mwaka 1941. Dado zinazorushwa upya katika kila zamu haziwezi kuuonyesha ugonjwa wa namna hiyo, kwa sababu dado haina kumbukumbu. Iliyoanguka 1 mara tano ina uwezekano uleule wa kuanguka 1 mara ya sita.

Mwili unakumbuka. Mantle aliumia goti mwezi Oktoba 1951, akiwa kijana wa miaka 19, naye alicheza na miguu mibovu mpaka alipostaafu baada ya msimu wa 1968. Kielelezo cha kweli kingepandisha uwezekano wa jeraha la pili baada ya lile la kwanza, kisha kuushusha kidogo kidogo kwa kadiri ya mapumziko. Kwa kadi na dado hilo ni kazi ya kuchosha. Kwa kompyuta, ambayo siku hizi huendesha michezo hii pia, ni mistari michache ya programu.

Yapo mambo ambayo watungaji hawakuyaweka kabisa. Tarehe 16 Agosti 1920 mpira uliorushwa na Carl Mays ulimpiga Ray Chapman kichwani, naye akafariki siku iliyofuata. Ni mchezaji pekee wa ligi kuu aliyeuawa kwa mpira wa mrushaji. Kifo kimoja katika zaidi ya karne moja hakiwezi kuingia katika njia 216 za dado bila kutiwa chumvi mno.

Mwalimu anaweza kulifanyia jambo hili majaribio darasani kwa dado mbili za ludo. Kila mwanafunzi arushe mara 162, kila mrusho ukiwa mechi moja, na 1 na 1 ikiwa jeraha. Kwa wastani kila mmoja ataumia mara nne na nusu. Uwezekano wa mwanafunzi mmoja kumaliza msimu bila jeraha ni kama 1 katika 100. Lakini katika darasa la wanafunzi 40, uwezekano wa kupatikana angalau mmoja wa namna hiyo ni theluthi moja hivi, na akipatikana, wenzake watataka kujua anavyozirusha dado zake.